Betri za Redio ya Baba

Gemu lenyewe lilikuwa dogo, kama nusu ya mche wa sabuni. Lilikuwa na kioo cha kijivu, vitufe vya njano, na kazi moja tu: kuangusha matofali. Matofali yalishuka kutoka juu, mchezaji akayageuza na kuyapanga, mstari ukijaa ukatoweka, kisha yakaja mengine kwa kasi zaidi. Hakuna nyumba iliyowahi kujengwa kwa matofali hayo. Hakuna hata choo.

Aneth Mazengo alilinunua dukani kwa Shahil, Barabara ya Sita, enzi zile za ruksa ambapo maduka ya Dodoma yalijaa ghafla vitu ambavyo watu walikuwa bado hawajavipa majina. Miaka michache nyuma mtu alipanga foleni kupata sukari. Sasa watu walisimama mbele ya kioo cha Shahil wakishangaa saa zinazoimba, kalamu zenye taa na miavuli inayofunguka yenyewe, katika mji ambao mvua huja kama mgeni wa heshima, kwa nadra na kwa taarifa.

"Dada, hili ukilianza huliachi," Shahil alimwonya akilifunga kwenye gazeti.

"Mimi niliacha sukari kwenye chai. Nitashindwa na kidude?"

"Chai haina vitufe."

Shahil alikuwa mfanyabiashara mkweli, na hiyo ndiyo ilikuwa hasara ya Aneth, kwa sababu watu hawamwamini mfanyabiashara mkweli.

Ilipofika Kwaresma, vidole gumba vya Aneth vilikuwa na maisha yao. Ofisini, ambako alikuwa mpiga taipu, alicheza droo ikiwa wazi nusu. Kanisani, mchungaji akisema "tuombe", vidole vilikuwa vikigeuza matofali juu ya kitabu cha nyimbo. Nyumbani kwao, mtaa wa Kikuyu, alikoishi na baba yake wawili tu tangu mama alipofariki, mlenda uliungua mpaka jirani yao Mama Joha akauliza kama wameanza kuchoma mkaa.

Tatizo lilikuwa betri. Gemu lilikula betri kama mbuzi anavyokula nguo kambani. Na redio ya mzee Mazengo, karedio kadogo ka mkononi kenye mkanda wa ngozi, ilitumia betri mbili zilezile ndogo.

Aneth hakuziiba. Aliita kuazima. Jioni alizitoa kwenye redio, asubuhi alizirudisha, isipokuwa asubuhi alizosahau, ambazo zilikuwa nyingi. Mzee Mazengo aliinua redio, akaihisi nyepesi, akaitikisa kidogo karibu na sikio, akairudisha mezani.

"Betri zimekufa?" Aneth aliuliza mara moja, bila kuinua macho.

"Labda," mzee alijibu.

Jambo moja Aneth hakulichunguza. Kila alipozihitaji betri za redio ile, alizikuta zina nguvu. Mwenye bahati hachunguzi bahati yake.

Mzee Mazengo alikuwa amestaafu reli. Miaka mingi alikuwa mshika bendera kwenye stesheni ndogo ya Ihumwa: nyekundu, treni isimame, kijani, treni ipite. Katika kazi hiyo marafiki hupatikana kwa vipande vipande. Treni inapunguza mwendo, mnatupiana neno, inaondoka, na jibu unalisubiri mpaka irudi. Hivyo ndivyo alivyopatana na Castory, gadi, yaani msimamizi wa treni za mizigo, Mnyamwezi wa Urambo. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo maneno waliyotupiana hayakuwa ya kanisani. Castory alipiga kelele kutoka behewa la mwisho, "Mgogo, ng'ombe wako wamepanda treni kukukimbia!" na Mazengo alikuwa na siku kadhaa za kutafuta jibu.

Walipostaafu, redio ikachukua nafasi ya treni. Jumapili mchana kulikuwa na kipindi cha salamu. Mtu aliandika kadi, akaituma Dar es Salaam, akasubiri majuma, na siku moja mtangazaji akaisoma: anayesalimu nani, anaowasalimu akina nani, na mwisho ujumbe wake. Nchi nzima ilisikiliza. Ukitaka kumpata mtu ambaye hujui anwani yake, humtafuti posta; unamtafuta hewani.

Alhamisi moja jioni Mama Joha alikuja kuomba chumvi, akasimama mlangoni.

"Baba Aneth, hongera ya jana. Mtani wako kanenepa?"

"Mtani gani?"

"Castory, si alipita jana na treni ya asubuhi?" Mama Joha aliangalia huku na huku, akaona haeleweki. "Jamani, salamu zake za Jumapili hamkuzisikia? Mimi nilijua umeshakwenda stesheni na mkeka wa kumsubiria. Alisema anahama Morogoro, anarudi kwao Urambo moja kwa moja. Akasema, 'Ujumbe: mtani wangu Mazengo, Jumatano ya mwisho wa mwezi wa tatu njoo Dodoma stesheni na bendera yako ya kijani, uniruhusu niende kwetu.' Mtangazaji mwenyewe alicheka."

Gemu lililokuwa mapajani kwa Aneth likamaliza mchezo na kupiga ule wimbo wake mfupi wa kumcheka aliyeshindwa.

"Betri zilikuwa zimekufa," mzee Mazengo alisema. Aliinuka, akampimia Mama Joha chumvi mwenyewe.

Honi ya treni ile walikuwa wameisikia wote wawili. Kutoka Kikuyu husikika vizuri. Ile Jumatano asubuhi mzee alikuwa uani anatia mpini kwenye jembe, na honi ilipolia aliinua kichwa kidogo, kama afanyavyo kila mara, akaendelea na mpini wake.

Alhamisi hiyo usiku Aneth alimwona baba yake kupitia pazia. Alikuwa ameitoa bendera ya kijani sandukuni, ameitandika kitandani, anaipigapiga mikunjo kwa kiganja. Kisha akaikunja tena. Laiti angegomba. Baba anayegomba unaweza kumnunia.

Asubuhi Aneth alizirudisha betri kwenye redio, akafunga kifuniko kwa uzi, akaenda Barabara ya Sita.

"Vitu vya namna hii havirudishwi, dada," Shahil alisema. "Soma pale."

"Pale pameandikwa hakuna mkopo."

"Basi soma chini yake."

"Chini yake hapana kitu."

"Umeona? Hakuna palipoandikwa kwamba vinarudishwa."

Alirudi nalo, akaliweka juu ya kabati bila betri, kioo kikiangalia ukuta.

Watu husema kuacha ni kazi. Si kweli. Kuacha ni dakika moja. Kazi ni saa kumi na moja jioni, umerudi ofisini, umeteka maji, umebandika chungu, na mikono yako inakuuliza sasa tufanye nini.

Mama Joha alijitolea kumfundisha kufuma vitambaa vya makochi. Aneth alifuma kwa kasi aliyoizoea, mstari juu ya mstari, akikaza uzi kila alipoona mstari umejaa. Kitambaa kikajikunja, kikawa kofia.

"Mwanangu," Mama Joha alisema akikivika goti lake, "kochi lenu lina kichwa?"

Akajiunga na kwaya. Mwalimu wa kwaya alimsikiliza kwa subira ya Kikristo, kisha akamwambia sauti yake ni zawadi, na kwamba zawadi nyingine hufaa zaidi kufukuzia ndege shambani. Jumamosi moja akafuatana na wenzake wa ofisini kwenda Makutupora kuchuma zabibu kwa shangazi wa mmoja wao. Kazi hiyo aliipenda sana. Mwenye shamba ndiye hakupenda jinsi alivyoipenda, maana kikapu cha Aneth hakikujaa hata mara moja na midomo yake ilikuwa ya zambarau.

Usiku vidole gumba viliwasha. Aliwahi kusimama mbele ya kabati, akalishika gemu, akalirudisha.

Jumapili, kwa kukosa pa kwenda, alikaa na baba yake uani kusikiliza salamu. Redio ilining'inia kwenye msumari. Kadi zikasomwa moja baada ya nyingine, kutoka Kahama, kutoka Tunduru, kutoka kwa watu waliojiita Simba wa Nyika na Mtoto wa Mjini, na kila moja ilipofika mwisho Aneth alianza kujikuna.

"Ujumbe wake," mtangazaji alisoma, "maisha ni safari."

"Huyu wa nne leo," Aneth alisema. "Wote wako safarini. Hakuna anayefika?"

Mzee Mazengo alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini kilitoka.

"Lugha yote hii tuliyonayo," Aneth aliendelea, sasa amepandwa na mori. "Mtu ana kadi moja, anasikilizwa na nchi nzima, anaazima ujumbe wa jirani. Ni kama kualikwa harusini ukavaa gunia."

"Andika wewe basi."

"Niandike nini?"

"Mama yako ndiye alikuwa akiniandikia," mzee alisema, akiangalia redio. "Mimi nasema, yeye anaandika. Tangu aondoke sijatuma. Macho haya yanaona treni, hayaoni mstari."

Aneth aliingia ndani, akatoka na kalamu.

Kumwandikia mtani ni kazi ya watu wawili. Mzee alitaka Castory aambiwe mwizi wa kuku, mla panya, na mtu aliyezaliwa kwenye behewa la mizigo. Aneth alisema kadi haina nafasi ya ukoo mzima.

"Chagua moja, baba."

"Zote ni za kweli."

"Ndiyo maana. Ya kweli anaijua. Tumwambie asilolijua."

"Asilolijua ni kwamba sikwenda kwa kukosa habari, si kwa kukosa haja."

Aneth aligeuza kalamu vidoleni. Kosa lilikuwa lake, na sasa lilikuwa linamsubiri alipatie maneno. Aliandika, akakata, akaandika pembezoni mwa gazeti, akakata tena. Ugali ulipoa. Mwishowe akasoma:

"Mtani wangu Castory, popote ulipo Urambo: bendera ya kijani bado ninayo. Ulipita bila ruhusa. Rudi nyuma upite upya."

Mzee Mazengo alimwambia asome tena. Alipomaliza, mzee akapiga paja.

"Hiyo itamkera," alisema kwa furaha.

Kadi moja haitoshi. Salamu ni kama kupanda mtama, mbegu nyingine huliwa na ndege. Walituma ya pili, wakatuma ya tatu, kila moja na maneno yake, maana Aneth alikataa kurudia. Mama Joha aliposikia akataka yake, ya dada yake aliyeolewa Bahi ambaye alikuwa amekataa kumrudishia kitenge. Aneth akamwandikia: "Mpunga wa Bahi tumeusikia, samaki wa Bahi tumewasikia. Kitenge changu ndicho kimya." Ilisomwa. Kitenge kilirudi, kimefuliwa na kupigwa pasi.

Baada ya hapo jioni za Kikuyu zikaanza kuwa fupi. Akaja anayemtafuta kaka, akaja anayetaka kumkumbusha mchumba bila kuonekana anakumbusha. Aneth aliwapa sharti moja: "maisha ni safari" haitoki kwenye kalamu yake. Aliwauliza maswali mpaka wakasema walichokuwa wanakizunguka, na hapo ndipo palipomnogea, pale mtu aliponyamaza kidogo kisha akasema, "Ndiyo. Hivyohivyo. Andika hivyo." Matofali hayajawahi kumwambia hivyo.

Lakini Urambo haikujibu. Jumapili zilipita. Kadi ya mzee ilisomwa mwisho wa masika, mtangazaji akairudia kwa kuipenda, kisha kimya. Mzee Mazengo hakulalamika. Alianza tu kukaa karibu zaidi na redio.

"Labda hana betri," Aneth alisema siku moja, na maneno yalipomtoka akayajutia.

"Labda," mzee alisema.

Jibu lilikuja Jumapili waliyokuwa wanapukuchua mahindi. "Kadi hii," mtangazaji alisema, "inatoka kwa Castory, Gadi Mstaafu, Urambo. Anamsalimu mtu mmoja tu." Mzee alibaki ameliinua hewani gunzi alilokuwa anataka kulitupa. "Ujumbe: Mazengo, mla mlenda, nimesikia. Nakwenda Dar kufuatilia mafao yangu. Nitarudi na treni ya bara itakayopita Dodoma Jumatano ya mwisho wa mwezi wa saba. Uwepo na bendera. Usipokuwepo nashusha mizigo yangu yote nahamia kwako."

Mama Joha alishangilia kwake ng'ambo ya ua kabla wao hawajapata neno.

Jumatano hiyo Aneth aliomba ruhusa ofisini. Mzee alivaa koti la reli, redio mfukoni, bendera imefungwa kwenye fimbo yake. Aneth alibeba kikapu: karanga za kukaanga, ubuyu, mayai ya kuchemsha. Mlangoni aligeuka, akarudi ndani, akalichukua gemu juu ya kabati na kulisukumia chini ya karanga. Alijiambia ni kwa ajili tu ya kusubiri. Treni ya bara hujulikana.

Na kweli, asubuhi ikapita. Wauza chai walikunja biashara. Mkuu wa stesheni akatoka, akasema iko Kilosa. Baadaye akatoka, akasema bado iko Kilosa. Upepo wa kiangazi ulipuliza vumbi. Mkono wa Aneth uliingia kikapuni, ukatoka na karanga. Ukaingia tena.

"Unatafuta karanga au matofali?" baba yake aliuliza.

Aneth aliuondoa mkono kikapuni. Mzee akatoa redio mfukoni, akafungua uzi, akafungua kifuniko, akamnyooshea betri mbili kiganjani.

"Chukua. Iko Kilosa, tutakaa sana."

"Baba, ulijua?"

"Nimefanya kazi reli, mwanangu. Kitu kikiondoka stesheni najua." Alizigeuzageuza betri. "Hizi ulidhani zinafufuka zenyewe? Ukienda kazini nazianika juu ya bati la banda la kuku. Mpaka saa nane, jua likiwa kali, halafu nazirudisha kabla hujafika. Zikizidi kuchoka nanunua mpya, nazisugua na mchanga kidogo usizitilie shaka."

"Kwa nini?"

Mzee aliangalia reli, upande wa mashariki, ambako hakukuwa na kitu.

"Mama yako alipoondoka ulikuwa ukirudi kazini unalala. Taa haijawashwa, wewe umelala. Halafu kakaja hako kadude. Tii, tii, tii, mpaka ugali uungue. Nikasema, haya, nyumbani kuna mtu."

"Ukamkosa Castory."

"Nikamkosa. Hilo sikulipigia hesabu." Alitabasamu. "Chukua basi, mkono unachoka."

Aneth alizichukua. Zilikuwa na joto la mfukoni. Alizitazama kidogo, kisha akachukua redio mapajani mwa baba yake, akazirudishia mahali pake, akafunga uzi.

"Niambie ile ya ng'ombe waliopanda treni," alisema. "Ulimjibu nini?"

"Ile? Ile ilinichukua wiki nzima." Mzee akajiweka sawa kwenye benchi. Alianza na mvua ya mwaka ule, akaingia kwenye bwana stesheni aliyekuwa akiogopa kengele yake mwenyewe, akafika kwa mama yake Aneth, kumbe ndiye aliyemtungia lile jibu, akiwa amesimama na ndoo kichwani siku ambayo Mazengo hakuwa amejua hata jina lake. Aneth alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Aliuliza, akauliza tena, maganda ya karanga yakajaa miguuni, na mzee alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye jibu lenyewe honi ilipolia.

"Tayari?" Aneth alisema.

Huenda katika historia yote ya reli ya kati yeye ndiye mtu wa kwanza kuona treni imewahi.

Castory alikuwa ametoa kichwa dirishani tangu mbali, kichwa kikubwa chenye mvi, na alianza kutukana kabla treni haijasimama.

"Mgogo! Bado hujafa?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe utangulie, gadi wa panya."

Walishikana, wakapigana mgongoni, wakashikana tena. Aneth akasema shikamoo, Castory akaitikia marahaba bila kumwachia baba yake.

"Huyu ndiye mwenye kalamu?" Castory aliuliza. "Nilijua tu. Wewe Mazengo huwezi kuniambia nirudi nyuma nipite upya. Wewe ungeniita mla panya ukaishia hapo. Mke wangu kacheka mpaka akamwaga maziwa." Kisha, kama ilivyo haki ya mtani, alitia mkono kwenye kikapu bila kuomba. Akachukua karanga zote. Akachukua mayai. Akaenda chini zaidi, akatoka na gemu.

"Na hiki?"

"Gemu," Aneth alisema.

"Kinafanya nini?"

"Kinajenga nyumba isiyoisha," mzee Mazengo alisema.

"Basi changu."

Mtani akichukua, amechukua. Ukilalamika unachekwa wewe. Aneth alihisi mkono wake ukinyanyuka kidogo wenyewe, kama mtu anayemwita aliyekwisha pita. Akauacha ushuke.

"Chako," alisema.

Kengele ikagongwa. Castory akapanda na mayai yake. Mzee Mazengo alisogea ukingoni, akaikunjua bendera. Ilikuwa imepauka, kijani chake kimekuwa cha majani ya mwezi wa saba. Mshika bendera wa zamu, kijana wa magwanda mapya, alimtazama, akashusha ya kwake, akamwachia. Mzee alisimama wima kama siku za Ihumwa, akainua mkono, na treni yote ile, mabehewa na mizigo na watu wake, ikaondoka kwa ruhusa yake.

Dirishani Castory alikuwa ameshaanza kubonyeza vitufe. Akakitikisa kidude karibu na sikio. Akatoa kichwa nje.

"Mbona kimekufa? Betri ziko wapi?"

Mzee Mazengo alimwangalia binti yake. Aneth aligusa mfuko wa koti la baba yake, redio na betri zake zikiwa ndani.

"Tuma kadi," alimjibu.